Joshua Slocum: Nahodha aliyelea familia baharini kabla ya kuizunguka dunia peke yake

KAPTENI Joshua Slocum anakumbukwa ulimwenguni kwa jambo moja kuu. Mnamo Juni 27, 1898, alitia nanga katika bandari ya Newport, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, akiwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa chombo cha tanga bila mwenzake yeyote. Safari hiyo ya maili 46,000 ilikuwa imemchukua miaka mitatu na miezi miwili.

Wengi wanaolitaja jina lake hawajui kwamba mtu huyo aliyesifika kwa upweke aliishi miaka yake bora ya ubaharia akiwa na mke na watoto chomboni. Desturi ya mabaharia, wawe wa Lamu au wa Liverpool, ilikuwa mume kwenda na mke kubaki nyumbani akihesabu misimu. Slocum aliikataa desturi hiyo. Kwa miaka 13 merikebu ndiyo iliyokuwa nyumba yake, na mkewe Virginia ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba hiyo.

Ni baada ya mauti kumpokonya mwenzake huyo, na mke wa pili kuchoshwa na bahari, ndipo alipobaki peke yake na tanga lake.

Mtoto wa fundi viatu

Slocum alizaliwa Februari 20, 1844, katika kijiji cha Mount Hanley, Nova Scotia, eneo ambalo wakati huo lilikuwa koloni la Uingereza na sasa ni mkoa wa Canada. Alikuwa wa tano miongoni mwa watoto 11. Babu yake mzaa mama alikuwa mlinzi wa mnara wa kuongozea meli, naye baba alikuwa mkulima na shemasi wa kanisa, mtu mkali asiyependa mchezo.

Joshua alipofika umri wa miaka minane, familia ilihamia kisiwa cha Brier, ambako baba yake alianza kazi ya kushona viatu vya wavuvi. Miaka miwili baadaye mvulana aliondolewa shuleni ili asaidie kazi hiyo. Elimu yake ya darasani ikakomea hapo, ingawa baadaye alijisomea vitabu vingi na kuandika vyake.

Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa amejificha chini ya nyumba akimalizia mfano wa merikebu aliokuwa ameuchonga kwa muda mrefu. Baba akamfumania, akautwaa na kuupiga chini, ukavunjika vipande vipande. Mvulana hakusahau. Akiwa na miaka 14 alitoroka na kuajiriwa mpishi katika chombo cha wavuvi. Mama yake alipofariki mwaka 1860, aliondoka nyumbani moja kwa moja.

Alianza kama baharia wa kawaida katika vyombo vilivyokwenda Uingereza na Asia, akajifunza hesabu za nyota na upepo. Alipata uraia wa Marekani akiwa San Francisco, na kufikia mwaka 1869 alikuwa amekabidhiwa chombo chake cha kwanza.

Harusi ya Sydney

Mwishoni mwa mwaka 1870 Slocum alifika Sydney, Australia, akiwa nahodha wa merikebu ya Washington. Huko alikutana na Virginia Albertina Walker, msichana wa miaka 21 aliyezaliwa New York, ambaye familia yake ilikuwa imehamia Australia. Hawakungoja. Walifunga ndoa Januari 31, 1871, na merikebu ilipong'oa nanga bibi harusi alikuwa ndani.

Fungate yao haikuwa ya raha. Chombo kilikuwa kimetumwa Alaska kuvua samaki aina ya salmoni katika ghuba ya Cook Inlet. Dhoruba iliikokota nanga na kuitupa merikebu pwani, ikaharibika kabisa. Nahodha hakukata tamaa. Alitumia mashua kuwaokoa mabaharia wake pamoja na sehemu kubwa ya samaki waliokuwa wamevuliwa. Wenye mali walipoona hasara yao imepunguzwa, walimpa chombo kingine.

Virginia angeweza kurejea kwa wazazi wake na kumngoja mumewe huko. Badala yake alipanda chombo hicho kipya, Constitution, na ndimo alimojifungulia mtoto wao wa kwanza, Victor, Januari 1872, kikiwa kimetia nanga San Francisco. Baadaye walihamia merikebu ya B. Aymar, nako akazaliwa mwana wa pili ambaye alipewa jina la chombo hicho, Benjamin Aymar.

Nyumba juu ya maji

Watoto wote saba wa ndoa hiyo walizaliwa baharini au katika bandari za kigeni. Jessie alizaliwa Ufilipino mwaka 1875, naye Garfield, aliyepewa jina la rais wa Marekani, akazaliwa Hong Kong mwaka 1881. Hata hivyo, bahari haikulea wote. Watatu walifariki wakiwa wachanga, mbali na daktari na mbali na jamaa ambao wangeweza kuifariji familia. Waliobaki ni wanne.

Virginia ndiye aliyeyafanya mabanda hayo ya mbao kuwa makazi. Kila asubuhi watoto waliketi kwa masomo, naye akiwa mwalimu. Siku za Jumapili alifundisha dini. Alipiga kinanda, alishona, na katika merikebu kubwa zaidi waliyoishi, Northern Light, chumba cha nahodha kilikuwa na maktaba ya vitabu takriban 500.

Hakuwa mama wa ndani pekee. Alikuwa hodari wa kulenga shabaha. Watoto wake walisimulia walipokuwa watu wazima jinsi walivyokuwa wakimvuta papa kwa mkebe unaong'aa uliofungwa kwenye kamba, naye mama akingoja kando ya chombo na bastola yake. Papa alipojitokeza, risasi haikukosa.

Mwaka 1875 familia iliachwa Ufilipino baada ya B. Aymar kuuzwa na wenyewe. Slocum akakubali kazi ya kuunda meli katika ghuba ya Subic. Waliishi ufukweni katikati ya misitu, na kazi ilipokwisha malipo hayakuwa fedha taslimu bali jahazi dogo lililoitwa Pato, yaani bata kwa Kihispania. Kwa mara ya kwanza walikuwa na chombo chao wenyewe.

Kwa jahazi hilo walibeba shehena kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kisha, mwaka 1877, walielekea kaskazini hadi bahari ya Okhotsk, upande wa mashariki wa Urusi, kuvua samaki wa maji baridi. Virginia alikuwa chomboni na watoto wadogo. Samaki hao waliuzwa Portland, jimbo la Oregon, kwa faida nzuri, na familia ikapanda ngazi nyingine ya maisha.

Kilele cha ngazi hizo kilifikiwa walipoingia Northern Light, merikebu ambayo Slocum aliinunua kwa ubia. Ilipofika New York mwaka 1882, baba yake alikuja kumtazama. Yule mzee aliyeuvunja mfano wa merikebu sasa alisimama juu ya merikebu ya kweli, moja ya zile zilizosifika sana siku hizo, na nahodha wake alikuwa mwanawe.

Bastola na pingu

Hata hivyo, enzi ya matanga ilikuwa ikififia. Meli za mvuke zilichukua shehena nono, na vyombo vya tanga vilibaki kuajiri mabaharia waliookotwa mitaani, baadhi yao wahalifu. Muda mfupi baada ya Northern Light kuondoka New York, usukani wake uliharibika na ikalazimika kuingia bandari ya New London, Connecticut. Mabaharia waliasi. Afisa wa kwanza alidungwa kisu akafa. Wakati mumewe akikabiliana na waasi kwenye sitaha, Virginia alisimama nyuma yake na bastola mkononi asije akashambuliwa kwa mgongo.

Safari iliendelea kwa wasiwasi mwingi. Mwaka 1883 merikebu hiyo ilipita karibu na volkano ya Krakatoa, muda mfupi kabla ya mlipuko mkubwa uliowaua maelfu ya watu. Katika maji ya Afrika Kusini usukani ulivunjika tena. Afisa mmoja aliyeajiriwa huko alishukiwa kupanga maasi, akafungwa pingu hadi mwisho wa safari. Walipofika New York, afisa huyo alishtaki, na mahakama ikampata Slocum na hatia ya ukatili. Alitozwa faini ya dola 500.

Katika miezi hiyo yote Virginia alikuwa akidhoofika. Moyo wake ulikuwa na maradhi. Slocum aliachana na Northern Light na mwaka 1884 akanunua merikebu ndogo na nzuri iliyoitwa Aquidneck, wakaondoka Baltimore na shehena ya unga wakielekea Brazil.

Bendera ya buluu na nyeupe

Kutoka Brazil walishuka kusini hadi Buenos Aires, Argentina. Slocum alikuwa akienda nchi kavu kutafuta shehena, na wawili hao walikuwa na mapatano. Mke akimhitaji mumewe, ingepandishwa mlingotini bendera ya herufi J, yenye rangi za buluu na nyeupe, ambayo mtu angeweza kuiona akiwa pwani.

Mnamo Julai 25, 1884, bendera hiyo ilipandishwa. Nahodha aliiona, akarudi mbio. Virginia alifariki jioni ya siku hiyo hiyo, mumewe na watoto wakiwa kando ya kitanda chake. Alikuwa na umri wa miaka 34, na alizikwa katika makaburi ya Waingereza jijini humo.

Siku chache baadaye Slocum, mtu ambaye alikuwa amepita katikati ya miamba ya Pasifiki usiku, aliipandisha Aquidneck kwenye fungu la mchanga. Wanawe walisema katika uzee wao kwamba baada ya siku ile baba yao hakuwa tena mtu waliyemjua, mithili ya chombo kilichopoteza usukani.

Aliwapeleka watoto kwa dada zake huko Massachusetts. Victor, aliyekuwa mkubwa, ndiye aliyeandamana naye baharini.

Mke wa pili na balaa za Brazil

Februari 1886 Slocum alioa tena. Henrietta Elliott, aliyeitwa Hettie, alikuwa jamaa yake kutoka Nova Scotia, mshonaji nguo wa miaka 24. Nahodha alikuwa ametimiza miaka 42. Kabla ya juma moja kupita tangu harusi, walikuwa safarini kuelekea Montevideo, Uruguay. Victor, mwenye miaka 14, alikuwa baharia, naye Garfield mdogo alichukuliwa akae na mama yake mpya. Benjamin na Jessie walibaki kwa jamaa.

Yaliyompata Hettie katika miaka miwili na nusu iliyofuata yangemshinda hata baharia mzoefu. Kwanza ilikuwa tufani, siku chache tu baada ya kuondoka New York. Kisha, mapema mwaka 1887, walipeleka shehena ya nyasi kavu kutoka Argentina hadi Brazil na kukuta bandari imefungwa kwa sababu ya kipindupindu. Walifukuzwa Ilha Grande wakalazimika kurudi walikotoka.

Julai mwaka huo, Aquidneck ikiwa imetia nanga Antonina, Hettie alisikia minong'ono na vishindo vya miguu usiku. Alimwamsha mumewe. Mabaharia wenye silaha walikuwa wakija. Slocum aliwafyatulia risasi, mmoja akafa na mwingine akajeruhiwa. Alishtakiwa kwa mauaji, na mahakama ya huko ikamwachilia baada ya kuamua kwamba alikuwa akijikinga.

Mabaharia wapya walipoajiriwa, ndui iliingia chomboni na kuua kadhaa. Kisha, katika siku za mwisho za Desemba 1887, Aquidneck ikiwa na shehena ya mbao katika ghuba ya Paranagua, mkondo na upepo viliibwaga juu ya fungu la mchanga. Mawimbi yakaivunja mgongo. Haikuwa na bima.

Nahodha aliuza mabaki, akawalipa mabaharia haki yao, na kubaki na mke na watoto wawili katika nchi ya kigeni. Angeweza kumwendea balozi mdogo wa Marekani na kuomba kusafirishwa kama maskini aliyeokolewa baharini. Alikataa. Akaamua kuunda chombo na kurudi nyumbani kwa tanga lake mwenyewe.

Chombo kilichoitwa Uhuru

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vifaa walivyokuwa navyo ni vichache: mashoka, misumeno na vitu vilivyookolewa kutoka Aquidneck. Mbao zilikatwa katika misitu ya hapo, mierezi kwa ubavu na miti migumu kwa mkuku. Misumari ilifuliwa kutokana na shaba, zikiwemo sarafu. Victor aligeuka seremala na msokota kamba. Hettie, ambaye sindano ilikuwa riziki yake tangu ujana, alishona matanga.

Chombo kilichopatikana kilikuwa na urefu wa futi 35 na upana wa futi saba na nusu. Umbo lake lilikuwa mchanganyiko wa mashua ya wavuvi ya Cape Ann na sampani ya Kijapani, nayo matanga yalikuwa ya mtindo wa Kichina, kwani Slocum aliyapenda matanga ya Wachina kwa wepesi wake. Mianzi ilifungwa kandokando ili kukisaidia kuelea. Gharama yote haikufika dola 100.

Kiliingizwa majini Mei 13, 1888, siku ile ile Brazil ilipotangaza sheria ya kuwaacha huru watumwa wote. Slocum alikipa jina Liberdade, ambalo kwa Kireno maana yake ni Uhuru.

Waliondoka Juni 24. Nahodha alikuwa na miaka 44, Hettie 26, Victor 16 na Garfield saba. Chakula chao kilikuwa biskuti ngumu za mabaharia, nyama kavu, machungwa na ndizi. Chumba cha kulala kilikuwa banda dogo la turubai katikati ya chombo, chini kiasi kwamba hakuna mtu mzima aliyeweza kusimama wima ndani yake. Katika nafasi hiyo mke alipaswa kupika, kulala, kumtunza mtoto na kukaa bila faragha.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Upepo mkali uliyararua matanga yaliyoshonwa kwa vitambaa vyepesi, na mshonaji akalazimika kuanza upya. Walipofika Santos, nahodha wa meli ya mvuke aliyefahamiana nao alikubali kuwavuta hadi Rio de Janeiro. Hettie na Garfield walipanda melini. Slocum alishika usukani wa Liberdade iliyokuwa ikiruka juu ya povu kwa kasi ya kutisha, naye Victor alichutama mbele na shoka, tayari kuikata kamba endapo chombo kingeanza kuzama.

Kutoka Rio walifuata pwani kuelekea kaskazini. Waliingia Salvador, kisha Recife, wakitengeneza palipovunjika na kujaza maji. Katika bandari hizo watu walimiminika kutazama mashua yenye matanga ya mianzi ikiwa na mwanamke na mtoto. Pwani ilipoishia walikata bahari hadi Barbados, wakapumzika, wakapitia Puerto Rico na visiwa vya Bahamas.

Mnamo Oktoba 28, 1888, walifika pwani ya South Carolina. Walikuwa wamesafiri takriban maili 5,500, na siku walizokuwa baharini hasa, ukiondoa za bandarini, zilikuwa 53. Baadaye waliendelea polepole kupitia mito na maji ya ndani ya pwani hadi jijini Washington, walikofika siku mbili baada ya Krismasi.

Slocum aliandika kitabu kuhusu safari hiyo na kukichapisha mwaka 1890. Aliwasifu wenzake wote. Kwake, Liberdade ilikuwa ushahidi kwamba nahodha hajashindwa maadamu mikono yake ingali inafanya kazi. Kwa mkewe ilikuwa vingine. Hettie alikuwa ameyapitia hayo yote bila kumwacha mumewe hata mara moja, lakini alipokanyaga nchi kavu alikwenda Boston kwa dada yake na kurejelea ushonaji. Hakusafiri tena naye safari ndefu ya baharini.

Peke yake

Mwaka 1892 Slocum hakuwa na chombo wala kazi. Rafiki yake mmoja mzee, aliyekuwa nahodha wa kuvua nyangumi, alimwambia kuna merikebu katika mji wa Fairhaven. Alipofika aliona jahazi kuukuu la kuvulia chaza, lililoegemezwa kwenye malisho ya ng'ombe kwa miaka kadhaa. Jina lake Spray. Watu waliudhani ni mzaha, lakini Slocum alianza kukata miti. Alilijenga upya ubao kwa ubao kwa miezi 13, kwa gharama ya dola 553 na senti 62.

Hettie aliombwa aandamane naye kuizunguka dunia. Alikataa. Mnamo Aprili 24, 1895, akiwa na umri wa miaka 51, Slocum aliondoka Boston peke yake. Mtu huyo aliyekwenda kuzivuka bahari zote hakujua kuogelea.

Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba siku za mwanzo upweke ulimlemea kiasi cha kumfanya atoe amri kwa sauti kubwa, ingawa hapakuwa na wa kuitika. Karibu na visiwa vya Azores aliugua tumbo, na katika homa yake akaona mtu mgeni ameshika usukani, akijitambulisha kuwa baharia wa msafara wa Columbus. Alipopata nafuu aligundua kwamba Spray ilikuwa imejiendesha usiku kucha bila kupotea njia.

Njia yake ilimpitisha Buenos Aires, mji alimomzika Virginia. Kisha akaupenya mlango-bahari wa Magellan, akavuka Pasifiki hadi Samoa, na kufika Sydney, mji alikomwoa. Alipita mle mle mlimokuwa nyumba yake ya zamani, safari hii akipika sufuria ya mtu mmoja.

Kutoka Australia aliingia Bahari Hindi, akagusa Rodrigues na Mauritius, na Novemba 1897 akafika Durban. Huko alikutana na Henry Morton Stanley, mvumbuzi yule ambaye misafara yake kuelekea bara ilianzia Zanzibar na Bagamoyo na kubebwa na wapagazi waliozungumza Kiswahili. Stanley alimdadisi kuhusu usalama wa chombo chake endapo kingegonga mwamba. Akiwa Afrika Kusini, Slocum pia alipelekwa kwa Rais Paul Kruger wa Transvaal, ambaye hakuamini kwamba dunia ni mviringo, na kwa hivyo hakuona ni vipi mtu angeweza kuizunguka.

Kitabu cha safari hiyo kilichapishwa mwaka 1900 na hakijaacha kusomwa tangu hapo. Ndani yake mna upepo, wafalme, mbuzi, maharamia na nyota. Virginia hamna.

Mwisho usio na kaburi

Umaarufu ulimletea Slocum fedha kidogo. Mwaka 1901 aliipeleka Spray kwenye maonyesho makubwa ya Buffalo, New York, na Hettie akawa naye. Kisha alinunua shamba katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Massachusetts, akijaribu kuwa mkulima na mume wa nyumbani. Hakuweza. Kila majira ya baridi yalipokaribia alikwenda zake Karibi, mkewe akabaki.

Miaka hiyo ya mwisho ilikuwa na doa. Mwaka 1906, akiwa Riverton, New Jersey, alikamatwa kwa tuhuma za kumvunjia heshima msichana wa miaka 12 aliyeingia chomboni. Shtaka lilipunguzwa, naye hakulipinga. Alikaa jela siku 42. Watu walioishi naye walisema alikuwa ameanza kusahau na kujipuuza, na hata Spray, iliyokuwa ikimetameta, sasa ilikuwa imechakaa.

Kwa mujibu wa maelezo ambayo Hettie aliyatoa mahakamani, mumewe aliondoka kisiwani Novemba 14, 1909, akikusudia kwenda Amerika Kusini kuuchunguza mto Orinoco. Hakuonekana tena. Wapo wanaodhani aligongwa na meli ya mvuke usiku, na wapo wanaosema ni uzee wa mbao. Hakuna kipande cha Spray kilichopatikana. Mwaka 1924 alitangazwa rasmi kuwa marehemu.

Mabaharia wa mashua ndogo hadi leo wanamchukulia Slocum kama baba wa safari za mtu mmoja, na kila mwaka wapo wanaoifuata njia yake. Lakini maisha yake hayakuwa ya mtu mmoja. Virginia alimpa miaka 13, akazika watoto watatu na kufia chomboni. Hettie alishona matanga yaliyomrudisha nyumbani. Victor alishika shoka akiwa na miaka 16. Sifa ya kuizunguka dunia ilimwendea nahodha peke yake, na ni haki yake. Hata hivyo, kabla ya kujifunza kusafiri bila mtu, alikuwa amekaa miaka mingi mahali ambapo bendera ya buluu na nyeupe ikipanda, yupo anayemwita na yupo anayeitika.